Gari la Michezo la Zamani Dar es Salaam: Kwa Nini Injini Huja Mwisho

Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, ikipitishwa juu ya bodi ya gari la mwaka 1972, hushika mahali penye bati na huachia mahali penye puti, yaani rojo la kusawazishia mikunjo ya bodi. Kazi hiyo huchukua dakika kumi, haihitaji ufundi wowote, na humwambia mnunuzi mambo mengi zaidi kuhusu gharama zinazomsubiri kuliko atakayoambiwa na muungurumo wa injini kwa saa nzima. Hata hivyo, katika gereji ninazozoea kushinda, kuanzia Sinza hadi Tegeta, sijawahi kumwona mtu anayeingia katika kazi hii kwa mara ya kwanza akija na sumaku. Huja na masikio yake. Huomba injini iwashwe, huifurahia sauti ya silinda sita, hulipa, na ndipo anapouliza aanzie wapi.

Swali hilo huwatatiza wengi kwa sababu kazi mbili tofauti zimepewa jina moja. Watu husema wanatengeneza gari, ilhali mmoja anarejesha na mwingine anabadili. Kurejesha ni kulirudishia gari uwiano uliopangwa na kiwanda, ambapo nguvu ya injini, uwezo wa breki, ugumu wa bodi na mshiko wa tairi vilipimwa ili kila kimoja kitoshane na vingine. Kubadili ni kuuvunja uwiano huo kwa makusudi na kuujenga mwingine. Anayebadili kabla ya kurejesha hajui hasa anabadili nini, kwa kuwa gari lililo mbele yake si lile lililotoka kiwandani, bali ni gari lililobeba uchovu wa miaka hamsini pamoja na viraka vya kila fundi aliyewahi kuligusa.

Katika makala haya nitatumia Datsun 240Z kuwa mfano. Gari hilo lina historia katika ukanda wetu: katika mbio za Safari za Afrika Mashariki, zilizoanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, 240Z ilichukua ushindi mwaka 1971 ikiwa mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Zaidi ya hapo, ni gari lisiloficha kitu, kwani ukifungua boneti unaona kabureta, distribyuta na mikono ya vali inavyofuatana, na hakuna kompyuta inayokutenganisha na chanzo cha tatizo. Mwenye MGB ya Uingereza au Toyota Celica ya miaka hiyo anaweza kufuata hoja zilezile, isipokuwa mahali pachache nitakapopataja.

240Z ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Injini yake ina sentimita za ujazo 2,393, hupumua kwa kabureta mbili, na ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 151 kwa kipimo cha wakati ule. Gari zima lina uzito unaozidi tani moja kwa kiasi kidogo tu. Breki zake za mbele ni za diski na za nyuma ni za dramu, na tairi zake za mwanzo zilikuwa na upana wa milimita 175 kwenye rimu za inchi 14, upana ambao leo tunauona kwenye magari madogo ya kwendea sokoni. Tairi hizo hazikuwa kosa la wabunifu. Zilitosha kwa gari jepesi, na kwa kuwa ziliteleza mapema na kwa upole, zilimwonya dereva kabla mzigo haujaufikia ukomo wa bodi na breki. Mvuvi wa Kunduchi anaielewa hesabu hiyo vizuri: hawezi kupandisha tanga la jahazi kwenye ngalawa yake huku akiacha mlingoti na matengo yaleyale, kwa maana upepo atakaoukamata lazima ubebwe na kitu, na kitu hicho ndicho kitakachovunjika.

Bodi ndiyo chasisi

Lori lina chasisi yake, na bodi hufungwa juu. Magari mengi ya michezo ya miaka ya 1970 hayakujengwa hivyo. Mabati ya sakafu, kingo nene zilizo chini ya milango na mihimili iliyochomelewa chini ya sakafu ndiyo yanayobeba injini, magurudumu na abiria. Kutu ikila mahali hapo huwa imekula uti wa mgongo wa gari, hata kama rangi ya juu inang'aa kama ya jana.

Dar es Salaam haina huruma na magari ya aina hii. Bati likikutana na maji na hewa hushika kutu popote duniani, lakini chumvi iliyoyeyuka katika unyevu huo huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, na kwa kuwa kutu huendeshwa na umeme mdogo unaopita juu ya bati lenyewe, kasi yake huongezeka sana. Upepo wa bahari huileta chumvi hiyo Msasani, Kigamboni na Kunduchi usiku na mchana, na gari lililolazwa nje miaka kumi mita chache kutoka ufukweni linaweza kuwa katika hali mbaya kuliko lililotembezwa miaka thelathini Dodoma. Katika 240Z, pa kuchungulia kwanza ni chini ya betri, mahali ambapo tindikali iliyomwagika imesaidiana na maji. Kisha chini ya zulia la sakafu, ndani ya kingo za chini ya milango, nyuma ya milango kuelekea gurudumu la nyuma, na kwenye shimo lililo mbele ya kioo cha mbele, ambamo majani ya mwembe huziba njia ya maji, nayo hubaki humo msimu mzima. Fenda za mbele zimefungwa kwa bolti na zinaweza kubadilishwa kwa siku moja, kwa hiyo zisikutishe. Mabati ya ubavu wa nyuma yamechomelewa, na hayo ndiyo yanayokula pesa.

Kuna jaribio jingine ambalo mgeni anaweza kulifanya bila kumwomba mtu msaada. Funga mlango, tazama upenyo uliopo kati yake na bodi, kisha inua gari kwa jeki upande huo na uutazame tena. Upenyo ukibana, au mlango ukigoma kufunguka, ujue kingo za chini hazibebi tena gari, na kwamba unanunua kazi ya kuchomelea ya miezi kadhaa.

Nililijifunza hilo kwa njia iliyoniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia urejeshaji wa gari la ndugu yangu, ambaye alikuwa safarini na aliniamini. Gereji tuliyoichagua ilituonyesha sakafu mpya iliyonyooka na kupakwa rangi nyeusi, nami nililipa nikiwa nimeridhika. Mvua za masika zilipokwisha, zulia lilikuwa na harufu ya ukungu, na tulipolifunua tukakuta bati jipya limechomelewa juu ya bati bovu bila kulikata, maji yamekaa katikati ya mabati hayo mawili, na kutu imekwisha kuvuka upande wa pili. Tulilipa mara ya pili kuondoa kazi ya kwanza, na mara ya tatu kuifanya upya. Tangu hapo nimekuwa na sharti moja nisilolilegeza: bati bovu hukatwa hadi kufikia bati lenye afya, na nataka kuona picha ya tundu kabla halijafunikwa.

Ukataji wenyewe una taratibu zake. Kabla ya kukata ukingo wa chini ya mlango, gari hukalishwa kwenye viegemeo imara katika mkao wake wa kawaida, na vyuma vya muda huchomelewa kuvuka uwazi wa mlango ili bodi isijikunje. Upande mmoja ukamilishwe ndipo mwingine uguswe. Bati la bodi lina unene unaokaribia milimita moja tu, na ndiyo maana mwali wa gesi ya karibaidi, ambao mafundi wetu wameuzoea kwa kazi nzito, hulikunja kwa joto, na mashine ya kuchomea kwa vijiti hulitoboa. Mashine inayosukuma waya mwembamba huku ikifunika mahali pa kazi kwa gesi hutoa joto kidogo zaidi, na fundi mwenye subira huchomelea nukta moja hapa na nyingine mbali, akisubiri bati lipoe. Unapotafuta fundi wa bodi, muulize kwanza anatumia mashine gani. Waliopita VETA Chang'ombe au mahali pengine pa mafunzo rasmi huwa hawaoni swali hilo kuwa ni dharau.

Puti haina ubaya inapotumiwa kusawazisha mikunjo ya milimita mbili au tatu juu ya bati zima. Ubaya huanza inapotumiwa kuziba tundu. Tena hufyonza maji kabla ya kufunikwa, jambo linalofanya msimu uwe sehemu ya kazi. Bati lililosuguliwa kwa msasa wakati wa masika linaweza kuanza kubadilika rangi kabla ya jioni, kwa hiyo praima ya epoksi inapaswa kuwekwa siku ileile, na rangi ya mwisho ni vyema ikasubiri majira ya kusi, kati ya Juni na Septemba, ambapo hewa ya mji huu huwa kavu zaidi. Baada ya rangi, nta maalumu hunyunyizwa ndani ya mihimili na kingo zilizo wazi, na vitundu vya kutolea maji huachwa wazi. Nimeona vitundu hivyo vikizibwa na mafundi wenye nia njema waliodhani vilitokana na kutu.

Jambo moja la usalama lisisahauliwe kwenye 240Z: mipira ya mlango wa nyuma ikichakaa, moshi wa injini huvutwa ndani ya gari linapotembea. Moshi huo una gesi ya sumu ambayo yenyewe haina harufu. Ukisikia harufu ya moshi ukiwa umeketi ndani, badilisha mipira hiyo na gasketi za taa za nyuma kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Mipira, mafuta ya breki na tairi

Watu wengi hulalamika kwamba gari lao la zamani linayumba kwenye kona, kisha huagiza springi ngumu na shokapu za mashindano. Nimewashauri baadhi yao wasubiri kidogo na kubadilisha kwanza bushi zote za mpira zinazounganisha mikono ya magurudumu na bodi. Mpira wa miaka hamsini huwa umekauka, umepasuka, na umeacha nafasi inayoliruhusu gurudumu kuelekea mahali ambapo usukani haukulielekeza. Zikiwekwa bushi mpya za kiwango cha kiwandani, pamoja na shokapu za kawaida na upimaji sahihi wa mwelekeo wa magurudumu, malalamiko mengi huisha. Hapa ndipo faida ya kurejesha kwanza inapoonekana, kwa maana sehemu kubwa ya hamu ya kubadili hutokana na kulaumu ubunifu kwa makosa ya uchakavu.

Breki zinastahili ukali zaidi. Nishati ya gari linalotembea huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, maana yake ni kwamba kulisimamisha gari lililo kwenye kilomita 120 kwa saa kunahitaji breki zimeze nishati mara mbili na robo ya ile ya kilomita 80, ingawa mwendo umeongezeka kwa nusu tu. Nishati yote hiyo hugeuka kuwa joto. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema: kiwango cha DOT 4 hutakiwa kisichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini kiwango hicho huruhusu kushuka hadi 155 yakiwa yameshika maji. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hukandamizika, na mguu huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Katika mji wenye unyevu kama wetu, kubadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili ni utaratibu wa lazima, na kwa gari lililosimama muda mrefu ningeongeza mipira ya silinda za breki na mabomba yote laini bila kujadiliana.

Kuhusu tairi, soma tarakimu nne zilizochapwa ubavuni ndani ya alama ya DOT. Tarakimu 2319 zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nyingi za mtumba zinazouzwa mjini zina kina kizuri cha meno lakini mpira wake umezeeka, na gari la michezo ndilo la mwisho linalopaswa kuvishwa tairi hizo.

Umeme wa gari hili ni mwepesi kueleweka, nami sitakaa nao sana. Mkondo wote wa taa kubwa hupita moja kwa moja ndani ya swichi iliyo kwenye usukani, na swichi hiyo huungua kwa uzee. Fundi umeme akiweka rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, karibu na taa, swichi itabeba mkondo mdogo wa kuamrisha tu, na taa zitang'aa zaidi. Akimaliza hapo asafishe viungio vyote vya waya za ardhi, kisha aondoe kila kiungo kilichofungwa kwa selotepu.

Injini, na joto la mji huu

Sasa injini inaweza kuguswa, na hata hapo mtu aanze kwa kuipima. Kipimo cha mgandamizo hufungwa mahali pa plagi, stata huzungushwa, na namba ya kila silinda huandikwa. Namba sita zinazokaribiana, hata kama zote ziko chini kidogo, ni habari njema kuliko namba tano nzuri na moja mbovu. Silinda iliyo chini hutiwa kijiko cha oili na kupimwa tena: namba ikipanda, tatizo liko kwenye ringi za pistoni, isipopanda, tazama vali au gasketi ya hedi. Kipimo hicho kinaweza kukuokoa na ovahoo isiyohitajika, na ninaamini kwamba injini nyingi zilizofunguliwa hapa mjini zilihitaji tu vali zirekebishwe, kabureta zisafishwe na taimingi ipangwe.

Injini ya 240Z, iitwayo L24, ina hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Metali hizo mbili hutanuka kwa viwango tofauti, na injini ikichemka mara moja tu kwa nguvu, hedi inaweza kupinda. Kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, hewa haipiti kwenye rejeta isipokuwa ile inayovutwa na feni. Kwa sababu hiyo rejeta isafishwe ndani au ijengwe upya, na kava linaloielekeza hewa kwenye feni lirudishwe ikiwa limeondolewa, kwani mara nyingi huondolewa na fundi aliyetaka nafasi ya mkono wake. Maji ya kisima ya Dar es Salaam, ambayo katika maeneo mengi yana chumvi, yasitiwe kamwe kwenye rejeta ya gari hili. Chumvi hula aluminiamu kutoka ndani na kuacha vishimo mahali gasketi inapokalia. Tumia kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyochujwa madini.

Tatizo jingine la joto huwashangaza wageni kwa sababu linafanana na ubovu wa pampu. Kabureta za 240Z zimekaa juu ya manifoldi ya moshi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Ukizima gari dakika kumi kwenye kituo cha mafuta, joto la manifoldi hupanda, petroli huchemka ndani ya kabureta na kwenye bomba lake, na gari hukataa kuwaka au huwaka likikohoa. Dawa yake ni bati la kukinga joto lililo zima kati ya manifoldi na kabureta, bomba la petroli lililosogezwa mbali na joto na kufungwa kizuia joto, na mafuta yanayorudi kwenye tangi bila kizibo njiani. Nimeona watu wakibadilisha kabureta mara mbili kwa tatizo la bati la shilingi chache.

Oili nayo haifanani na ya magari ya kisasa. Kamshafti ya injini hizi husuguana moja kwa moja na mikono ya vali bila magurudumu madogo ya kupunguza msuguano, na oili za zamani zilikuwa na zinki na fosforasi ya kutosha kulinda mahali hapo. Viwango vipya vya oili za petroli vilipunguza kemikali hizo ili kulinda vichujio vya moshi, hivyo tafuta oili iliyotajwa wazi kuwa ni ya injini za zamani. Mwenye MGB ana jambo lake la ziada. Hedi yake ni ya chuma, na makao ya vali zake yalilindwa na risasi iliyokuwemo kwenye petroli, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006 baada ya azimio la Dakar la mwaka 2001. Hedi hiyo ikifunguliwa, iwekewe makao magumu ya vali za kutolea moshi.

Baada ya hapo, kubadili

Gari lililorejeshwa liendeshwe miezi kadhaa kabla ya kubadilishwa chochote. Muda huo humfundisha mwenye gari ni nini hasa anachokikosa, na mara nyingi si kile alichokidhania siku ya kwanza.

Akibaki na hamu ya nguvu zaidi, familia ya injini za L inampa njia nyoofu. L28, iliyotumika kwenye 280Z, gari lililoifuata 240Z baadaye, ina sentimita za ujazo 2,753, inafanana kwa umbo na L24, na hukaa kwenye viegemeo vilevile. Ongezeko hilo hutokana na silinda pana zaidi, milimita 86 badala ya 83, na mwendo mrefu zaidi wa pistoni, milimita 79 badala ya 73.7, kwa hiyo nguvu huongezeka tangu mizunguko ya chini, mahali ambapo dereva wa barabarani huihitaji. Lakini sasa klachi inapokea nguvu kubwa zaidi ya kuzungusha, na vilevile difu (gia za kugawia magurudumu ya nyuma nguvu) ya R180, ambayo wengi huibadilisha kwa R200 ya magari ya baadaye ya familia hiyo pale nguvu inapozidi sana. Rejeta inapokea joto zaidi, na breki zinakutana na mwendo mkubwa zaidi mwishoni mwa kila barabara iliyonyooka. Ndiyo maana mimi hushauri mpango wa kubadili uandikwe kutoka kwenye tairi kurudi nyuma: tairi na breki kwanza, shokapu na springi baadaye, difu na klachi zifuate, na injini iwe ya mwisho. Kila hatua hapo huacha gari likiwa salama hata pesa zikikatika katikati ya kazi, na pesa hukatika.

Kushusha gari kunahitaji onyo la peke yake. Magurudumu ya mbele ya 240Z yamefungwa kwa mkono mmoja chini na mguu wa springi na shokapu juu. Ukikata springi, mkono wa chini hulala kwa pembe ambayo haikukusudiwa, gari huinama zaidi kwenye kona kuliko lilivyoonekana litafanya, na shokapu hubaki na nafasi ndogo ya kutembea. Gari lililoshushwa sana huonekana zuri likiwa limesimama Masaki, kisha hugonga sakafu kwenye matuta ya barabara ya kwenda nyumbani. Sentimita mbili au tatu, kwa springi zilizotengenezwa kwa urefu huo na shokapu zinazolingana nazo, zinatosha.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uendeshe, uandike, ndipo uguse kingine. Na kila kifaa cha asili kinachotoka kifungwe kwenye boksi na kuandikwa jina, kwa sababu spea za gari hili hazilali kwenye rafu za Kariakoo kama za Corolla. Mtaa wa Shaurimoyo utakupatia beringi, mipira ya mafuta, mikanda na plagi ukienda na kifaa cha zamani mkononi au vipimo vyake, lakini vioo, vipande vya dashibodi na urembo wa nje huagizwa nje. Unapoagiza, kumbuka kwamba 240Z nyingi ziliuzwa Marekani zikiwa na usukani wa kushoto, hivyo dashibodi na vifaa vya usukani vya huko havitakaa kwenye gari lako.

Karatasi nazo zina nafasi yake. Kwa anayeagiza gari zima, ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 huambatana na ushuru wa bidhaa, na juu yake ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari la abiria lililozidi miaka kumi ni asilimia 30. Kiasi hicho hupigwa juu ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima, na asilimia hizo hazijumlishwi tu, kwa kuwa baadhi hutozwa juu ya nyingine. Omba hesabu kamili kwa wakala wa forodha kabla ya kumlipa muuzaji. Kadi ya gari hubeba namba ya chasisi, namba ya injini na rangi. Ukiweka L28 au ukibadilisha rangi, taarifa zifike TRA na kadi irekebishwe, na bima iambiwe, kwa maana gari lisilofanana na kadi yake huleta maswali siku ya ajali na siku ya kuuza.

Kazi ikikamilika, safari ya kwanza ninayoipendekeza ni ya Bagamoyo, takriban kilomita 70, alfajiri kabla ya joto na foleni. Simama Bunju, zima injini, tazama chini ya gari kama kuna tone, gusa kila rimu kwa tahadhari uone kama kuna iliyo na joto kuliko nyingine, kisha subiri dakika kumi uone kama litawaka bila kukohoa. Ukifika Bagamoyo, pima oili, kaza tena nati za magurudumu, na andika kwenye daftari la gari lita za petroli zilizotumika na kiwango cha joto kilichosomeka njiani. Ukirudi nyumbani, acha injini ipoe usiku mzima, na asubuhi, kabla ya kuiwasha, fungua kifuniko cha rejeta uone kama kulanti imepungua.